Nikimbie au ninyanyue vyuma? Mzani umegoma na nguvu zimeniishia

SWALI

Shikamoo dada,

Mimi ni mama wa pacha, nina miaka 36, naishi Tabata na kazi yangu ni ya kukaa ofisini, Posta. Mama yangu anaumwa kisukari na presha muda mrefu, nimemuuguza mwenyewe, najua ugonjwa ule unavyomla mtu. Mwishoni mwa mwaka jana tulipimwa afya kazini, nikaambiwa sukari yangu imeanza kupanda. Haijafika kwenye kisukari lakini iko njiani. Daktari akaniambia nipunguze mwili. Nilikuwa na kilo 88, urefu wangu ni sentimita 162.

Nikajiunga na klabu ya jogingi ya mtaani kwetu. Nilianza kwa kutembea, nikawa nachanganya, sasa nakimbia siku sita kwa wiki, kilomita saba au nane kila alfajiri kabla sijawahi daladala. Jumamosi tunakwenda kundi zima Coco Beach, tunavuka Daraja la Tanzanite na kurudi, mbio ndefu kweli. Chakula nimekata sana. Asubuhi chai ya rangi bila sukari, mchana tikiti au papai, usiku mchicha na ugali kidogo kama ngumi ya mtoto. Wali na chapati nimeacha, isipokuwa Jumamosi baada ya mbio tukikaa kwenye supu. Siku hiyo, dada, siwezi kujizuia. Nakula chapati tatu, nakunywa soda, na jioni nyumbani naendelea.

Nimeshuka hadi kilo 76. Mwanzo zilidondoka haraka, lakini miezi miwili sasa mzani umegoma. Kitambi kipo palepale, kiuno sentimita 96, mikono imelegea, uso umekauka mpaka majirani wanamuuliza mume wangu kama ninaumwa. Goti la kulia linauma nikishuka ngazi. Nachoka, napata kizunguzungu nikisimama ghafla, nywele zinang'oka, na hedhi imeruka mara mbili. Nimepima mimba, sina.

Mwezi uliopita nikaingia jimu. Kocha wa pale akaniambia niache mbio kabisa, eti kadio, yaani mbio na mazoezi mengine ya kuhemesha, inakula misuli ndiyo maana nimelegea, nipige vyuma tu. Niliporudi kusimulia kwenye klabu, kiongozi wetu akasema vyuma vinamkomaza mwanamke, nitakuwa na mabega kama njemba, na mafuta yanaondoka kwa jasho peke yake. Wananishauri nijifunge nailoni tumboni nikikimbia. Sasa nimebaki katikati. Nimsikilize nani? Na kuna ndoto yangu moja, kukimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi. Niisahau?

Mama Pacha, Tabata

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kabla sijagusa ubishi wa kocha na kiongozi wako, naomba wiki hii uende hospitali. Hedhi kuruka, kizunguzungu, nywele kung'oka na uchovu usioisha, vikija vyote pamoja kwa mtu anayekimbia siku sita huku anakula tikiti mchana, usivichukulie kama mwili unaozoea tizi. Mwili unaopewa chakula kidogo kuliko kazi yake huanza kufunga shughuli unazoona zinaweza kusubiri, na uzazi huwa wa mwanzo kufungwa. Jambo hili linawapata hata wanariadha wakubwa, na mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la kitaalamu kulihusu. Mwambie daktari kila ulichoniambia mimi, pamoja na chakula. Omba upimwe wingi wa damu, tezi ya shingoni, na kile kipimo cha sukari kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita. Kipimo cha mimba nacho warudie hapohapo. Mpaka majibu yatoke, alfajiri tembea, usikimbie.

La pili ni habari njema, na sidhani kama kuna mtu amekuambia. Marekani walifanya utafiti mkubwa kwa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa katika hali yako, sukari imepanda lakini haijawa kisukari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Kundi lililobadili maisha lilipewa malengo mawili tu: kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Kwako wewe asilimia 7 ya kilo 88 ni kilo sita na kidogo, na umeshapunguza kilo 12. Kwa hiyo lile lililokutoa kitandani alfajiri, hofu ya kumfuata mama, umeshalifanyia kazi kubwa tayari. Huna sababu ya kukimbizana na mzani kana kwamba kisukari kitaingia kesho. Hilo likikukaa moyoni, mengine yote nitakayosema yatakuwa mepesi.

Sasa tuje kwenye ubishi. Kocha wako ana nusu ya ukweli na kiongozi wako ana nusu, na ubaya ni kwamba kila mmoja anakutaka uitupe nusu ya mwenzake.

Tuanze na kiongozi. Mbio zinachoma mafuta, hilo halina mjadala. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walitoa matokeo ya majaribio ya miezi minane kwa watu wazima wenye uzito mkubwa. Wapo waliofanya kadio tu, wapo waliofanya vyuma tu, na wapo waliofanya vyote. Hawakuambiwa wale kidogo. Wa kadio walipoteza mafuta kilo 1.7 hivi, waliochanganya kilo 2.4, na wa vyuma peke yake karibu hawakupoteza kitu, ingawa misuli yao iliongezeka. Kwa hiyo anayekuambia uache mbio kabisa ukategemea vyuma vikuyeyushie kitambi, hajakutendea haki. Lakini hebu itazame hiyo namba. Miezi minane, kilo mbili na nusu. Mazoezi bila mpango wa chakula, yawe ya aina gani, hayapunguzi mafuta kwa kasi ambayo watu wanafikiria.

Na hapa nyumbani Tanzania ndipo lilipopatikana fundisho kubwa kuhusu jambo hili. Wahadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi wanaishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Wanaume wao hutembea kilomita kama 11 kwa siku, wanawake kama 6. Mtafiti wa Marekani Herman Pontzer na wenzake waliwapima nguvu wanayotumia kwa siku nzima, wakawalinganisha na watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda kwenye viti. Ukizingatia ukubwa wa mwili, walikuta kalori wanazotumia Wahadzabe kwa siku hazikuwa nyingi kuliko za wenzao wa ofisini. Matokeo yalitoka mwaka 2012 na yalishangaza wengi. Inaelekea mwili ukizidishiwa mwendo hubana matumizi mahali pengine. Ukikimbia kilomita nane alfajiri kwa tumbo tupu, mchana ofisini hata kuinuka kwenda kuchukua karatasi unaona uvivu, jioni watoto wakikuita ucheze nao unasema mama amechoka. Kalori ulizochoma Tabata unazirudisha Posta bila kujua. Hiyo ni sehemu ya sababu ya mzani wako kugoma.

Sehemu nyingine ni Jumamosi, na sikulaumu hata kidogo. Mtu mwenye kilo 76 akikimbia kilomita moja anatumia takriban kalori 76, kwa hiyo kilomita nane zinafika kama 600. Chapati tatu za mafuta na soda zinakula zote hizo na kuzidi, kabla hujafika chakula cha jioni. Lakini chanzo chake ni siku tano za kujinyima. Mwili wenye njaa ya wiki nzima ukiona supu hauwezi kuwa mstaarabu. Ukila vizuri Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi itajirekebisha yenyewe zaidi kuliko utakavyoweza wewe kujikaza.

Sasa kocha. Anasema kadio imekula misuli. Kilichokula misuli yako, kwa jinsi ulivyoniandikia, ni njaa iliyokaa pamoja na mbio nyingi, bila protini na bila kitu kizito kinachouambia mwili kwamba misuli bado ina kazi. Mtu anapopungua hapotezi mafuta peke yake, anapoteza na nyama ya mwili. Kiasi gani cha nyama kitaondoka, hapo ndipo vyuma vinapoingia. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti wa wazee 160 wenye unene uliokithiri. Waliofanya mazoezi waliwekwa kwenye mpango wa chakula, na wote walipungua karibu asilimia 9 ya uzito. Waliofanya kadio tu walipoteza asilimia 5 ya nyama isiyo mafuta. Waliochanganya walipoteza asilimia 3, wa vyuma tu asilimia 2. Na walipopimwa uwezo wa mwili, kutembea, kuinuka kwenye kiti, kupanda ngazi, waliochanganya ndio waliowaacha wenzao mbali. Uzito ulioondoka ni uleule, lakini miili iliyobaki ilitofautiana.

Kwako wewe suala hili ni zito kuliko kwa mtu anayetaka kupendeza kwenye picha ya harusi. Misuli ndilo ghala kubwa la sukari katika mwili. Ukila ugali, sehemu kubwa ya sukari itakayotoka humo inatakiwa iingie kwenye misuli, hasa ya mapaja, makalio na mgongo. Ghala likiwa dogo au mlango wake ukiwa mzito kufunguka, sukari inabaki kwenye damu. Misuli inayofanya kazi hufungua mlango huo, na misuli iliyoongezeka ni nafasi ya ziada ya kuwekea. Tena kuanzia miaka ya thelathini mtu asiyeitumia misuli yake huanza kuipoteza kidogokidogo kila muongo. Binti wa mgonjwa wa kisukari, mwenye miaka 36, ambaye sukari yake imeshaanza kupanda, akiniuliza kama anyanyue vyuma, namjibu ndiyo kwa herufi kubwa.

Kuhusu mabega ya njemba, ondoa hofu. Homoni inayowajenga wanaume misuli mikubwa, testosteroni, kwa mwanamke ni chini ya sehemu moja ya kumi ya ile ya mwanaume. Wanawake unaowaona wamejengeka sana wametumia miaka mingi, chakula kingi cha makusudi, na baadhi yao dawa. Wewe unayekula kidogo ili upungue, ukipiga vyuma mara tatu kwa wiki utapata mikono iliyokaza, mgongo ulionyooka na nguo inayokaa vizuri. Hutaamka siku moja ukute umekuwa mtu mwingine.

Basi wiki yako iweje? Kama daktari hajakukataza, ningeipanga hivi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni vyuma, dakika arobaini na tano zinatosha. Jumanne kimbia polepole dakika thelathini hivi. Alhamisi tembea tu, na kama unaweza shuka daladala kituo kimoja au viwili kabla ya chako. Jumamosi nenda na klabu yako, maana watu wale ndio waliokufikisha hapa na sitaki uwapoteze, lakini mbio zisizidi dakika sitini na zisiwe za mashindano. Jumapili pumzika kabisa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kukaza misuli siku mbili au zaidi. Kwa mpango huu umefika huko bila kujichosha.

Kasi ya mbio ipime kwa kuimba. Nyinyi wa jogingi mnaimba chenja. Ukiweza kuitikia bila kukatika pumzi, huo ndio mwendo ninaoutaka. Ukishindwa kuitikia, umezidisha. Zile mbio za kukata upepo, vipande vya haraka na kupumzika, ziache kwa sasa. Zina faida yake lakini zinachukua nguvu ya kurudisha mwili katika hali yake, na nguvu hiyo nataka iende kwenye misuli.

Ikitokea siku moja lazima ufanye vyote, anza na vyuma halafu ndiyo ukimbie. Ukianza na mbio utafika kwenye vyuma miguu imekwisha, utanyanyua kidogo na utanyanyua vibaya. Kuna mtafiti wa Marekani, Robert Hickson, alikuwa mtu wa vyuma akaanza kukimbia mara kwa mara na mkubwa wake wa kazi, akaona misuli inapungua. Baadaye akalifanyia utafiti, na mwaka 1980 akatoa majibu. Waliopiga vyuma siku tano kwa wiki na kadio siku sita waliongezeka nguvu kama wa vyuma peke yake kwa wiki kama saba za mwanzo, kisha nguvu zikasimama na kuanza kushuka. Makocha wengi wanaposema kadio inakula misuli, mzizi wake uko hapo. Lakini hesabu siku zile: kumi na moja za mazoezi ndani ya wiki yenye siku saba. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba kwa kiasi cha kawaida, hasa vikitenganishwa kwa saa kadhaa au siku tofauti, vyuma na mbio vinakaa nyumba moja bila ugomvi. Siku zako sita za mbio, ukiongeza tatu za vyuma juu ya chakula kile, zingekupeleka kulekule kwa watu wa Hickson.

Ndani ya jimu usitangetange kwenye mashine. Shika mazoezi machache yanayotumia misuli mingi: kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na uzito, kunyanyua chuma kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka, kusukuma kutoka kifuani au pushapu, kuvuta chuma kuelekea tumboni, na kusukuma juu ya kichwa. Kila moja seti tatu, marudio nane hadi kumi na mbili. Uzito uwe ule ambao ukimaliza seti unahisi ungeweza kurudia mara mbili nyingine tu, zaidi ya hapo ungeshindwa. Ukiweza kufika kumi na mbili kwenye seti zote, ongeza kilo chache. Andika kwenye daftari. Vile vidambeli vidogo vya kilo moja ambavyo wanawake huelekezwa navyo, unapiga mara hamsini unatoka jasho, hiyo ni kadio nyingine tu. Misuli inabaki kwa sababu ya uzito inaoubeba. Jasho halihusiki.

Siku umekosa nauli au umechelewa kazini, nyumbani kuna ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20. Ya lita 10 kila mkono, tembea nazo uani huku na huku mabega yakiwa nyuma, kisha zishushe na kuziinua kwa miguu. Mwezi wa kwanza nenda polepole, na kocha akutazame unavyochuchumaa, maana goti lako linataka adabu. Ukikimbia, kila unapotua mguu hupokea kutoka ardhini mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wako, na goti hubeba zaidi ya hapo. Kupunguza siku za mbio kutalipumzisha, na paja likikaza litalishika vizuri. Likivimba au likikunasa njiani, hilo la fiziotherapia, usilivumilie.

Chakula sasa, na hapa ndipo ninapokuomba uniamini hata kama moyo unakataa. Ongeza. Ninachotaka upunguze chini ya matumizi yako ya siku ni kama kalori 400 hadi 500, basi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700, kwa hiyo pengo hilo linakupa karibu nusu kilo kwa wiki. Inaonekana kidogo, lakini inakuacha na nguvu za kunyanyua, na hedhi inapata nafasi ya kurudi.

Protini ndiyo uliyoisahau kabisa. Tikiti halina, papai halina, mchicha unayo kidogo sana. Mtu anayepiga vyuma anahitaji hadi gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, lakini kwako tuanze na gramu 100 kwa siku. Mayai matatu asubuhi ni gramu 18. Bakuli la maharage mchana, gramu 17 hivi. Dagaa wakavu gramu 30, waliooshwa vizuri na kupikwa kwa nyanya, wana kama 18. Kikombe cha mtindi, 8. Usiku samaki au kuku wa gramu 150 ana zaidi ya 35. Umefika, tena bila ule unga wa kopo wanaouza jimu kwa bei ya karo ya shule. Ugali na wali virudi, kiasi cha ngumi yako wewe, si ya mtoto, hasa mlo wa karibu na mazoezi. Mchicha na matunda yako endelea nayo. Jumamosi kunywa supu yako, kula nyama, chapati moja, na badala ya soda chukua maji au dafu. Ukitoka nyumbani na yai na kipande cha kiazi tumboni, utaona mwenyewe jinsi chapati ya pili inavyokosa mvuto.

Nailoni, kama umeshajifunga, ivue leo. Jasho ni maji. Unakimbia kwenye joto la Dar na unyevu ule, mwili unatoa jasho ili upoe, wewe unaufungia. Utapungua nusu kilo ya maji itakayorudi ukinywa vikombe viwili, na kwa mtu mwenye kizunguzungu tayari unaweza kuanguka barabarani. Hakuna mkanda, chai wala zoezi linalochagua mafuta yatoke tumboni. Mwili ndio unaopanga, na kwa wengi tumbo huwa la mwisho.

Ila kuhusu tumbo lako nina wazo jingine. Ulibeba pacha. Mimba, hasa ya watoto wawili, huachanisha misuli miwili ya katikati ya tumbo, na kwa baadhi ya wanawake hairudi kukutana. Tumbo linabaki limetuna hata mafuta yakipungua. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, halafu papasa kwa vidole mstari wa juu na chini ya kitovu. Ukikuta pengo la vidole viwili au zaidi, au pakiinuka kama mgongo wa paa, muone mtaalamu wa fiziotherapia. Yapo mazoezi yake maalumu, na yale ya kulala na kunyanyuka mara mia wanayokupa watu yanaweza kulizidisha. Wanawake wengi sana wanajiita wazembe kwa tumbo ambalo halikuwa suala la uzembe.

Mzani upande mara moja kwa wiki, asubuhi, siku ileile. Ukianza vyuma na kula ugali tena, utapanda kilo moja au moja na nusu siku za mwanzo. Ni maji: misuli huhifadhi wanga pamoja na maji, na misuli inayojijenga huvimba kidogo. Tafadhali usirudi kwenye tikiti kwa sababu ya hilo. Kipimo nitakachokiamini ni futi ya fundi cherehani kiunoni, kila baada ya wiki mbili. Uko 96. Kwa mwanamke, Shirika la Afya Duniani linahesabu hatari kuwa kubwa zaidi kuanzia 88, na 80 ndiyo mstari wa kwanza wa tahadhari. Kiuno kikishuka na uzito unaonyanyua ukipanda, mafuta yanatoka hata kama mzani umesimama.

Na Moshi? Usiisahau, ila usiichanganye na haya. Kujiandaa kwa kilomita 21 kunataka mbio ndefu na chakula cha kutosha, na wewe sasa unapunguza mafuta na kurudisha hedhi. Kilimanjaro Marathon ina mbio za kilomita 5 pia, siku hiyohiyo. Ikija, nenda na wenzako mkimbie hizo, na pacha waje wakuone. Kiuno kikishafika karibu na 85 na hedhi ikiwa imetulia miezi mitatu mfululizo, acha kupunguza, kula kiasi cha kukuweka palepale, vyuma vishushe viwe siku mbili, ndipo uanze kurefusha mbio za Jumamosi kidogokidogo kwa ajili ya 21 za mwaka unaofuata. Majibu ya hospitali yakitoka niandikie, tuanzie hapo.